Pesa ya Tumbo la Mama

Kapata, Kolwezi, 20 Agosti 2023

Yaya Adolphine,

Jambo sana kwako, dada yangu mukubwa, na kwa batu bote ba nyumbani. Anza na mama: mushike mikono yote mbili, umuambie ni Stany njo anamushika. Kisha mutoto wako Jémima, na mujomba Baudouin, na majirani benye banauliza habari yangu. Mi niko muzima. Safari ilikuwa ya mavumbi tu. Nilipofika hapa nilikohoa mpaka batu balifikiri nimekuja kulazwa, si kutumika.

Usishangae kupata barua mu hii miaka ya simu. Yangu niliuza mbele ya kutoka, unajua juu ya nini. Yako nayo haikamate reseau mpaka upande kule ku kilima cha misioni. Na tena mu simu mutu anasema "alo, unanisikia?" mpaka yunite zinaisha, habari haijaanza. Dimitri, mwenye kubeba mihogo na kamyo yake, alikubali kubeba barua zetu bure, juu tata, baba yetu marehemu, alimusaidiaka zamani. Kukiwa haraka ya kweli, mwalimu Mpoyi jirani yenu yuko na simu, na hapa mwenye nyumba wangu pia. Namba nimeandika nyuma ya karatasi.

Kazi njo ile balinipatia: kuunganisha mabomba mu kiwanda chenye banajenga. Sisi basuderi, bachomea chuma, tumetoka kila pahali, Likasi, Kamina, Lubumbashi. Kontra, mukataba wetu, ni mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Shefu alitusomea maneno moja mara mbili: mwenye kuondoka mbele ya kontra kuisha, prime, ile pesa ya zawadi ya mwisho wa kazi, hapati. Na ile prime, yaya, ni karibu nusu ya pesa yote.

Kampuni inatupa kidogo ya kukodi nyumba. Benzangu balienda mu vile, katikati ya muji, kwenye maji na taa. Mi nilitafuta mpaka huku Kapata, mu zile nyumba za zamani za batumishi ba mugodi, zenye zinafanana zote sawa mapacha. Mujane moja, Mama Kanku, alinipa chumba cha nyuma chenye alikuwa anaweka makaa. Nilipaka chokaa, lakini nikiamka mugongo wa shati ni mweusi. Pesa yenye inabaki ku ya nyumba ninaiweka ku koperative ya parokia. Sufuria yangu ni moja, kijiko kimoja, shuka ile ulinishonea.

Munganga alisema uvimbe wa mu tumbo la mama hauwezi kukatwa kwetu, ni mpaka Lubumbashi. Siku ile alipotaja bei niliona sawa anataja bei ya mulima. Sasa naiona njia yake ya kupandia. Mwezi wa tano nitashuka, nitamuchukua mama, tutaenda naye.

Mudogo wako mwenye kukutegemea,
Stany


Kasaji, 24 Septemba 2023

Mudogo wangu Stany,

Barua yako ilifika na harufu ya mihogo ya Dimitri. Niliisomea mama, nilipomaliza akasema nirudilie, bado hajasikia muzuri, na masikio yake ni mazima kuliko yangu. Tuko bazima. Jémima ameingia darasa la sita na anataka viatu. Mujomba Baudouin anagombana na batu juu ya mupaka wa shamba, njo kusema naye ni muzima.

Sasa sikia mi mwenye nilikubebaka mugongoni. Usinunue bukari, ule ugali wa barabarani, hata njaa ikukamate namna gani. Ununue mufuko wa unga na Mama Kanku, mugawane. Chumvi, mafuta, sabuni, vyote nunua siku ya mushahara, usingoje viishe. Usikopeshe mutu wa kazi. Uwaambie pesa yote ni ya kwetu, na si uongo. Na usiwe na haya ya kukataa. Pombe inakula mushahara, lakini haya inakula kuliko pombe.

Nakutumia karanga na chupa ya asali. Asali usiuze! Nakujua.

Mama alikuwa anachambua maharagwe pa mukeka, akasema: "Umuandikie asijinyime mpaka batu bamuogope."

Nikamuambia, "Mama, anajinyima juu yako."

"Njo maana nasema."

Uvimbe uko pale pale. Anaenda ku shamba, lakini anarudi mbele ya jua kuwa kali, na zamani hakuwa anarudi vile.

Mungu akae pa mulango wa kile chumba cha makaa.

Adolphine


Kapata, Kolwezi, 12 Novemba 2023

Yaya,

Salamu kwako, kwa mama, kwa Jémima. Viatu vya Jémima niliona pa soko, nikageuza macho. Aningojee. Asali tulikula na Mama Kanku. Alilamba kidole akauliza kama Kasaji iko wanaume bengine sawa mi. Mvua imeanza. Chumba kinavuja pa kona moja, nimesogeza kitanda.

Kazi ni nzito lakini shefu anapenda mushono wangu wa chuma. Siku ya posho benzangu banaenda kula kuku ya kuchoma na bia. Mi nasema tumbo langu ni gonjwa. Nimelisema mara mingi mpaka banacheka, baliniita "Munganga amekataza". Siku hizi habaniite tena.

Kuna moja, Jeancy wa Likasi, anakaa Kasulo, kule kwenye batu balichimba mpaka chini ya vitanda vyao. Mutu anafagia sebule, chini yake mwingine anapiga nyundo. Huyu Jeancy aliniuliza pesa yangu naiweka wapi. Nikamuambia.

"Pesa yenye kulala haizae," akasema. "Leta tuiweke mu shimo ya shemeji yangu. Kobalti ikitoka, inarudi mara mbili."

"Na isipotoka?"

"Basi ni shimo."

Alicheka yeye mwenyewe. Nilimukatalia. Tumbo la mama si kitu cha kubahatisha.

Neno moja linanisumbua. Bibi ya mwenzetu alikufa, batu bakapitisha kofia. Mi niliweka kitu kidogo, na mwenye kushika kofia aliangalia ndani, kisha akaniangalia. Nilirudi na miguu mpaka Kapata, nikijiambia kama ningeweka zaidi, ni mama yangu njo angelipa. Lakini ile macho nayabeba mpaka leo. Usimusomee mama pale.

Stany


Kasaji, 10 Desemba 2023

Mudogo wangu,

Tunakusalimia sisi wote. Jémima anaimba mu kwaya ya Noeli, sauti yake inatoka sawa ya mama zamani. Mahindi yameota muzuri. Mujomba Baudouin alishinda maneno ya shamba, sasa hana mutu wa kugombana naye, anakuja kukaa kwetu kila siku.

Stany, mama amekonda. Mikono na uso vinakonda, na tumbo linakua. Juma lililopita alianguka pa mutoni na ndoo. Munganga alimupima tena. Ule bwana anapendaka kuchekesha wagonjwa, unamujua. Safari hii hakuchekesha. Alisema, "Musingoje sana."

Mama amenikataza kukuandikia hii. Naandika. Noeli inafika, batu bengi ba Kolwezi banarudi. Njoo na ile yenye uko nayo. Mujomba yuko tayari kuuza mbuzi zake, kanisa litachanga. Twende Lubumbashi na nusu ya pesa, na nusu nyingine tuililie pa mulango wa lopitali. Batu hufanya vile. Bengine bananyimwa, bengine banapokelewa.

Naongea sawa dada yako na sawa mutu mwenye analala na mama chumba kimoja.

Adolphine


Kapata, Kolwezi, 30 Desemba 2023

Yaya Adolphine,

Salamu za Noeli, na za mwaka mupya wenye unakuja. Siku ya Noeli nilikuwa kazini, banalipa zaidi. Mama Kanku aliniwekea samaki.

Barua yako nilitembea nayo mu mufuko wa shati juma nzima. Nilienda kwa shefu. Nikasema, "Shefu, mama ni mugonjwa, naomba kwenda." Akajibu, "Mwezi wa kumi na mbili mama ya kila mutu ni mugonjwa." Benye balikuwa mu ofisi balicheka.

Nimefikiri sana, yaya. Nikiondoka sasa, prime imepotea, na kazi imepotea. Tutafika Lubumbashi na nusu. Wakitukataza, tutarudi na mama amechoka na safari, na hatutakuwa na njia ya kupata nusu nyingine tena. Nusu ya daraja haivushe mutu. Mama amengojea miaka mbili na hili tumbo. Kumebaki miezi tano. Umuombe angoje.

Namutumia kitenge. Ni kitu moja tu nimenunua tangu nifike. Ni ya buluu, na ndege za njano. Akivae siku tutapanda gari.

Kama unaona nimekosa, uniite mu simu ya Mpoyi. Usiponiita, nitajua umekubali.

Stany


Kasaji, 3 Machi 2024

Mudogo wangu Stany,

Usihuzunike juu ya kukawia. Mvua ilibeba daraja, kamyo ya Dimitri ilibaki ng'ambo wiki na wiki. Barua yako nayo ilifika yenye kulowana, lakini nilisoma yote.

Jémima ni muzima. Mujomba Baudouin amekonda, hasemi sana siku hizi. Tumevuna mahindi kidogo.

Kitenge kilifika. Mama alikivaa. Kilimupendeza, batu bote balisema. Tumbo halimuumize tena. Analala muzuri.

Maliza kazi yako. Usifikirie kurudi mbele ya wakati, hakuna kitu hapa chenye kukuita haraka.

Sitaandika mingi. Mikono yangu imechoka na jembe.

Adolphine


Kapata, Kolwezi, 1 Aprili 2024

Yaya wangu,

Salamu, salamu, salamu! Dimitri alinipa barua yako pa parkingi, nikaisomea pale pale nimesimama mu matope. Nililia, batu bakaniangalia, nikawaambia, "Ni habari njema." Tumbo halimuumize tena! Tangu mwezi wa kwanza nilikuwa ninaogopa hata kuona Dimitri. Siku ile nilirudi kazini nikaimba chini ya kofia ya chuma mpaka shefu akauliza nani amekunywa.

Nimeanza kutayarisha. Mama Kanku ana ndugu yake Lubumbashi, Kisimba, fundi wa viatu, anakaa karibu na lopitali. Amekubali tutalala kwake. Hata maumivu yakiisha, lazima bamukate, usimuache aseme amepona. Unamujua.

Jeancy na shemeji yake balifikia mawe mazuri kule Kasulo. Amenunua pikipiki. Alisimama nayo pa mulango wa kiwanda akaniuliza kama najuta. Ningeiweka, tangu mwezi wa kwanza pesa yangu ingekuwa mara mbili, anasema. Nikamujibu sijute, kwetu mama analala muzuri.

Lakini yaya, mu barua yako mama hakunitumia hata neno. Siku zote ananigombeza kidogo. Nimezoea. Umuombe anigombeze.

Stany


Kasaji, 21 Aprili 2024

Stany,

Tumepata barua yako. Jémima anakusalimia, mujomba anakusalimia.

Mama hawezi kukutumia neno mu hii barua. Lile lenye alisema juu yako ni: "Stany amalize kazi yake." Ulishike hilo.

Usilipe chumba kwa ule Kisimba bado. Usilipe kitu. Tutaongea ukifika.

Usiandike tena mbele ya mwisho wa kontra. Dimitri ana kazi mingi.

Adolphine


Kapata, Kolwezi, 5 Mei 2024

Adolphine,

Dimitri alinikuta pa parkingi. Alikuwa hataki kunikaribia, niliona. Kisha alikuja akanishika mabega.

"Pole ya mama," akasema. "Lakini Stany, mi ningekuwa wewe ningekuja. Mutoto mwanaume haachi mama yake azikwe na mikono ya bengine."

Nikasema, "Mama gani?"

Aliniangalia sawa mutu mwenye kichwa kimeharibika. Alisema mulimuzika mwezi wa pili. Alisema uliambia bakubwa ba jamaa kama niliitwa mu simu na nikajibu kazi hainipe ruhusa. Tangu siku ile alikuwa ananibebea barua na ananichukia.

Mwezi wa pili. Mwezi wa tatu niliimba. Niliimba, Adolphine. Nilitafuta kitanda cha mama Lubumbashi na mama alikuwa mu udongo.

Mpoyi yuko na simu. Namba niliandika. Ningetembea na miguu mpaka Kasaji.

Jina langu ulilifanya nini kule? Mi nilikukosea nini?

Usiniite mudogo wako.


Kasaji, 12 Mei 2024

Stany,

Sianze na salamu, juu sijue kama ningali na haki ya kukusalimia.

Mama alikufa siku ya Mungu, tarehe kumi na moja ya mwezi wa pili, batu bakiwa kanisani. Tangu mwaka uanze alikuwa anakunywa uji tu. Nilimuambia nitaenda kwa Mpoyi kukuita. Alinishika nguo. Hakuwa na nguvu ya kushika kikombe, lakini nguo yangu aliishika.

"Ukimuita atakuja mikono mitupu," akasema, "na mi nitakufa vilevile. Muache amalize. Apate hata nyumba."

Nilimuapia. Nilipanga kukuambia mpaka hapo na kunyamaza, na ungenisamehe, juu ni neno la mama.

Lakini iko jambo lingine. Mi nilikuwa na hasira yako. Nilikuandikia njoo na nusu, ukanijibu na maneno ya daraja. Ukasema, "Usiponiita, nitajua umekubali." Unaona kitu ulinifanyia? Ulinipa mi peke yangu kukubali. Nilikuwa namugeuza mu kitanda, namusafisha, nasikia anakuita jina, na kisha nasikia ananikataza kukuita. Alipokata pumzi nilisema mu moyo: basi, Stany aendelee kuhesabu pesa yake. Na nilipata mu ile neno furaha mbaya, ya mutu mwenye kurudisha kofi. Niliipata nikiwa bado nimeshika mukono wake.

Pa kilio bakubwa baliuliza mutoto mwanaume yuko wapi. Mujomba Baudouin alitaka mwili ungoje. Niliwaambia nilikuita na ulikataa. Neno lilitoka lenyewe. Nilifikiri kesho yake nitalirudisha, lakini kesho yake batu balikuwa banalirudia, banalia juu yangu, dada mwenye kubaki peke yake, na sikupata tena pahali pa kulirudishia.

Mu barua zangu sikuandika uongo, nilichagua maneno. Tulimuvalisha kitenge chako, kweli kilimupendeza. Nilijiona mutu wa haki. Kumbe kuchagua vile njo uongo wa kupita wote.

Siombe kitu.

Adolphine


Kasaji, 9 Juni 2024

Stany,

Haukujibu, na Dimitri anasema haukumupa kitu. Nilienda kwa Mpoyi, nikapiga kwa Mama Kanku. Simu ni rahisi, Mungu anihurumie. Haikuchukua hata muda wa kuchota maji. Alisema uko, unaenda kazi na unarudi, lakini hauli naye tena. Sasa nasikia kontra imeisha na hauonekane.

Nimefanya jambo moja. Siku ya Mungu iliyopita, kisha kanisa, niliomba bakubwa ba jamaa babaki. Balikaa pale kwetu chini ya nyasi za baraza, banawake ba kanisa nao, na Dimitri nilimuita pia. Nilisimama. Nikasema Stany hakuitwa. Nikasema mi njo nilifunga mudomo, na mi njo nilimusemea maneno yenye hakusema.

Kisha mujomba Baudouin akauliza, "Tulimulaani mutoto wa dada yangu juu ya mudomo wako?"

"Ndiyo, mujomba."

"Na nilitema mate pa jina lake mbele ya kaburi. Uliniona?"

"Nilikuona."

Aliinuka, akachukua fimbo yake, akaenda njia ya makaburi. Mpaka leo hajanisemesha. Banawake ba kwaya balimuhamisha Jémima kusimama mbele, mi bananiacha nyuma, na ni haki. Dimitri alitoka akilia; alisema hajue vile atakuangalia.

Siandike hii unihurumie. Naandika ujue kama jina lako ni safi huku. Batu banauliza utafika lini, na banauliza na haya.

Kaburi ni udongo tu. Mujomba alikuwa amekataza mutu kuweka jiwe mpaka mutoto mwanaume wa mama aje, hata ile siku alikuwa anakulaani. Njoo. Kama hautaki kuniona, nitaenda na Jémima kulala shambani siku zote utakuwa hapa. Njoo kwa mama.

Adolphine


Kapata, Kolwezi, 23 Juni 2024

Yaya,

Salamu kwako. Salamu kwa Jémima na kwa mujomba. Umuambie simushikilie kitu, aliongea na habari yenye alikuwa nayo. Baridi imeingia huku. Mama Kanku alinipa blanketi ya marehemu bwana yake.

Barua zako zote mbili nilipata. Ulifikiri ni hasira njo ilinifunga mukono. Hasira ilikuwa, lakini haikukaa. Kitu kingine njo kilinifunga, na nikikuficha nitakuja kwako sawa mwizi.

Ile siku ya mwezi wa kumi na mbili, nilikuandikia vile shefu alijibu na batu balicheka. Sikukuandikia yote. Nilipotoka, alinifuata mpaka pa ngazi. Aliniuliza, "Ni kweli mama ni mugonjwa?" Nikasema ni kweli. Akasema, "Basi kwenda juma moja. Juu ya prime nitajaribu kukutetea." Yaya, nilisikia lile neno moja tu, nitajaribu. Niliogopa. Nikamuambia, "Acha, shefu, nitangoja." Nilikuwa na njia ya kuja Noeli, na nikaifunga mi mwenyewe, kisha nikakuandikia sawa mutu mwenye kufungiwa. Ningemuona. Pengine hatungemuponyesha, sijue, lakini ningemuona.

Kwa hiyo usisimame tena mbele ya bakubwa peke yako. Nikifika tutasimama, na hii nitaisema.

Prime balilipa. Nilisaini, mwenye ofisi akanipa bahasha, akaniambia hongera. Nikakaa pa kiti pale. Benzangu balipita mbele yangu, bananiaga, Jeancy naye. Nilikaa mpaka mulinzi akaja na funguo akauliza, "Tata, unangojea nani?" Niliinuka, nikatoka. Pesa yote iko, yaya. Kila kitu nilijinyima kimo ndani, na ile ya kofia imo. Sijue sasa ni ya nini. Nitakuja nayo vile iko. Usiniulize siku ya kwanza.

Tereni inatoka hapa Alhamisi, siku ya ine, bakisema kweli. Ikikosa, nitapanda na Dimitri; nitamuita mi mwenyewe, ili asinikimbie. Sitaki batu baje pa gare ya tereni. Kuja wewe. Usiende shambani, usilale mahali pengine. Ukinikimbia mi nitakaa na nani?

Tutapita kwa mama, pa kaburi, mbele ya kufika nyumbani. Kisha, tukifika, utaketi, na utaniambia. Si vile alikufa, hiyo uliandika. Uniambie vile alikuwa ananiita: na sauti gani, alikuwa anaangalia wapi, kama alikuwa anafikiri niko karibu. Wewe njo mutu moja tu duniani mwenye alisikia. Usipunguze kitu, hata chenye kitaniumiza. Mi nitasikiliza mpaka mwisho.

Mudogo wako,
Stany